Aliyevuka Rusizi Ashtakiwe kwa Lipi?

Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, watu walianza kumiminika Cibitoke, nchini Burundi, kutoka ng'ambo ya Congo. Wachache walipita forodhani. Wengi waliingia mto Rusizi kwa miguu, pale walipodhani maji si mengi, godoro kichwani, mtoto mgongoni, sufuria mkononi. Baadhi yao, watoto wakiwemo, mto uliwachukua. Waliofika salama walilundikana katika uwanja wa mpira wa Rugombo, hapana paa, mvua inanyesha. Kufikia katikati ya Machi walikuwa wamezidi 60,000. Desemba ya mwaka huo huo M23 wakaingia Uvira, mji ulio pua na mdomo na Bujumbura, na makumi ya maelfu wengine wakavuka.

Sehemu kubwa ya watu hao waliingia Burundi bila kugongewa muhuri na mtu. Ukizisoma sheria za uhamiaji za ukanda huu neno kwa neno, bila kuziweka kando ya mikataba ya wakimbizi, uwanja wa Rugombo ulikuwa umejaa wahalifu. Serikali haikuwaona hivyo. Iliwaandikisha, ikawahamishia wengine Musenyi, kusini mashariki mwa nchi, ikaomba msaada. Kwa hiyo swali la iwapo kuingia nchini bila kibali kuwe kosa la jinai au la, kwetu si mjadala wa darasani. Burundi ililazimika kulijibu kwa vitendo, ndani ya wiki chache, mbele ya watu waliolowa maji. Naamini jibu lile la Rugombo ndilo sahihi, na naamini halipaswi kuishia kwa wakimbizi peke yao.

Maana mpaka huu hauvukwi na wakimbizi tu. Nenda Gatumba, mpakani kati ya Bujumbura na Uvira, siku ya amani, asubuhi mapema, utaona nani hasa anayevuka. Wamo akina mama wenye marobota ya vitenge na madumu ya mawese. Wamo wanafunzi wa Uvira wanaosoma vyuo vya Bujumbura, na wagonjwa wanaofuata madaktari. Makreti ya bia ya Burundi yanakwenda, dagaa na nguo vinarudi. Petroli ilipoadimika Burundi, vijana walikwenda kuitafuta Uvira wakarudi na bidoni, na teksi kadhaa za mjini zilitembea kwa mafuta hayo. Wengi wana lesepase, au karatasi nyingine inayokubalika mpakani. Lakini mtu huyo huyo mwenye lesepase Jumatatu anaweza kupita njia ya panya Alhamisi, kwa sababu karatasi imekwisha muda, au kituo kimefungwa, au mzigo wake ni mdogo kiasi kwamba ada ya kupita ingeumeza wote. Jumatatu ni mfanyabiashara halali. Alhamisi ni mhalifu. Hakuna kilichobadilika ndani yake, wala ndani ya robota lake.

Mpaka wenyewe una umri wa babu zetu tu. Wajerumani na Wabelgiji walibishana kwa miaka juu ya Kivu na bonde la Rusizi, wakamaliza ubishi wao mjini Brussels mwaka 1910. Kabla ya hapo watu wa ziwa Tanganyika walikuwa wakivuka kwenda Uvira, Fizi na Ujiji kwa mitumbwi yao, na biashara hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili hapa na kutuachia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Baada ya hapo, Warundi kwa maelfu walikwenda Tanganyika kulima mkonge kama manamba, wengine Uganda, wakikimbia kazi za shokoa na kodi za Mbelgiji. Mwaka 1976 Burundi, Rwanda na Zaire ziliunda CEPGL huko Gisenyi, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuwapunguzia raia wa nchi hizo tatu usumbufu wa kupita mipakani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 2010, na Congo ikajiunga mwaka 2022. Kwenye makaratasi, basi, tunaelekea kufungua. Vitisho vya jela vimebaki palepale.

Tuanzie kwenye msingi. Sheria inajua makosa ya namna mbili. Yapo ambayo ni maovu hata kama hakuna sheria iliyoandikwa: kuua, kubaka, kuiba, kumchomea mtu nyumba. Na yapo ambayo ni makosa kwa sababu jamii imepanga utaratibu na wewe umeukiuka: kujenga bila kibali, kuendesha gari ambalo bima yake imeisha, kufungua duka bila leseni. Haya ya pili nayo yana maana, kwani bila utaratibu mji haukaliki. Ila hatuyatendei kama tunavyoutendea wizi. Aliyejenga bila kibali hutozwa faini, huamriwa aombe kibali, na akishindwa hubomolewa. Anapoteza nyumba, lakini hapelekwi gereza la Mpimba kulala na majambazi.

Kuvuka mpaka bila ruhusa kunaangukia wapi? Mtu aliyevuka Rusizi na mtoto mgongoni amemdhuru nani? Wapo wanaojibu kwamba hajamdhuru yeyote, wakaliacha hapo. Hilo si jibu kamili. Dola ina kitu inachopoteza kila mtu anapoingia kwa siri: inapoteza kujua. Haijui nani yumo nchini, anaishi wapi, ana ugonjwa gani, watoto wake watahitaji madawati mangapi, na kama amekuja kutafuta kazi au amebeba bunduki. Serikali isiyojua nani yuko ndani ya mipaka yake haiwezi kupanga wala kulinda. Hasara hiyo ni ya kweli, hasa kwa nchi ndogo iliyobanana watu kama yetu.

Lakini ukishaitambua hasara hiyo, tiba yake inajitokeza yenyewe: mtu ajulikane. Aje, aseme jina lake, apigwe picha, aandikishwe, kisha iamuliwe kama anabaki au anaondoka. Na hapo ndipo jela inapoharibu kila kitu, kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu asije. Mwambie mtu kwamba akijitokeza atafungwa, atajificha. Atahama kila baada ya miezi michache, atazaa mtoto bila kumwandikisha, ataugua nyumbani, ataibiwa ujira wake akanyamaza. Na akikamatwa barabarani, atafanya kile ambacho kila mtu mwenye hofu ya jela hufanya anapoulizwa karatasi na mwenye mamlaka: ataingiza mkono mfukoni. Tishio la jela likiwa kubwa, na bei ya kulikwepa hupanda. Fedha haziingii hazina, na jina la mtu haliingii daftarini.

Watetezi wa adhabu watasema kwamba wakimbizi wamekwisha kulindwa, kwa hiyo kelele ni za nini? Ni kweli. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1963, inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa, mradi ametoka moja kwa moja mahali ambako maisha au uhuru wake ulikuwa hatarini, amejitokeza kwa wakuu bila kuchelewa na ana sababu nzuri. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua mlango zaidi: unamtambua pia anayekimbia uvamizi au vurugu zilizoharibu amani ya sehemu anayotoka, na unakataza kumrudisha mtu mpakani kwenye hatari. Burundi ina sheria yake ya hifadhi ya mwaka 2008, na ONPRA, ofisi yake ya wakimbizi. Kwenye karatasi tuko vizuri kuliko mataifa mengi tajiri.

Tatizo liko kwenye mpangilio wa hatua. Mtu hakimbii akiwa na hati inayosema yeye ni mkimbizi. Hati hiyo hupewa baadaye, baada ya mahojiano, wakati mwingine baada ya miezi au miaka. Polisi anayemkuta kando ya mto usiku hamwoni mkimbizi wala kibarua. Anamwona mgeni asiye na karatasi. Kama kuingia kwenyewe ni jinai, hatua ya kwanza ni pingu, na swali la "umekimbia nini?" litaulizwa baadaye, likibahatika kuulizwa. Kesi ikifika kwa hakimu, mshtakiwa hana wakili, pengine hana mkalimani, na njia ya mkato ni kukiri. Akikiri amefungwa. Hakuna aliyevunja Ibara ya 31 kwa makusudi, na hata hivyo haikumsaidia mtu. Kinga inayomtaka mtu achambuliwe kwanza haiwezi kufanya kazi mahali ambapo anakamatwa kwanza.

Tanzania inatupa mfano ulio wazi kuliko wowote ninaoujua, nao hauhusu Warundi. Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia, wengi kutoka mikoa ya kusini mwa nchi yao, wamekuwa wakisafirishwa kwa siri kupitia Kenya na Tanzania kuelekea Afrika Kusini. Husafiri ndani ya malori, nyuma ya magunia, ndani ya matangi na makontena. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa Chitego, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori, na miili ikatupwa porini. Machi 2020 huko Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64. Wasafiri wa njia hiyo waliokamatwa Tanzania wakiwa hai walishtakiwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria, wakafungwa.

Wakaendelea kuja. Magereza yakajaa vijana ambao hawakuiba, hawakupiga mtu, na hata Tanzania yenyewe hawakuitaka. Walikuwa wapita njia. Wapo waliomaliza vifungo vyao wakaendelea kukaa gerezani, kwa sababu hapakuwa na nauli ya kuwarudisha kwao, na kuwatoa nje ya lango maana yake ni kuwaachia wakiwa bado hawana kibali, yaani wakiwa bado na kosa lile lile. Mwizi akimaliza kifungo amelipa deni lake, anarudi kijijini. Huyu akimaliza, asubuhi yake ya kwanza ya uhuru inamkuta tena nchini bila ruhusa. Januari 2021 Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, alipotembelea Chato, Rais Magufuli alitangaza kuwaachia wafungwa Waethiopia 1,789. Lilikuwa jambo jema. Lakini jiulize: watu karibu 1,800 walilishwa, wakavishwa, wakalindwa kwa fedha za mlipa kodi wa Tanzania, na mwisho wake likawa ni lile ambalo lingefanyika siku ya kwanza, kurudishwa kwao. Na vijana wengine waliendelea kuondoka Ethiopia kushika njia ile ile.

Kuna mfano mwingine, huu wa kwetu, ambao vijana wa Bujumbura wanaujua vizuri kuliko waandishi wa magazeti. Februari 2018 Burundi ilifuta utambuzi wake wa Kosovo kama nchi. Serbia ilifurahi, ikawaruhusu Warundi kuingia bila viza. Habari zilisambaa taratibu, na kufikia mwaka 2022 Serbia likawa neno la kila kijiwe. Familia ziliuza mashamba na ng'ombe, vijana wakapanda ndege hadi Belgrade, wakagongewa muhuri kihalali kabisa. Kisha safari ya miguu: misitu ya Bosnia na Croatia, baridi, polisi, wengine wakirudishwa nyuma usiku bila kuandikishwa popote, na kwa wenye bahati, Ubelgiji. Oktoba 2022, Umoja wa Ulaya ulipoibana, Serbia ikaifuta ruhusa ile.

Angalia jinsi uhalali ulivyomfuata na kumwacha kijana mmoja. Katika uwanja wa ndege wa Belgrade ni mgeni halali, kwa sababu ya ugomvi wa Kosovo ambao hakuwahi kuushiriki. Siku chache mbele, baada ya kuruka mtaro msituni, ni mvunja sheria. Mdogo wake aliyeuza ng'ombe wa mwisho Novemba hakufika hata Belgrade. Mawaziri ndio waliokuwa wakilisogeza kosa huku na huko. Kijana alibaki yule yule. Kitu kinachoweza kuwa halali Septemba na jinai Novemba, kwa sababu ya barua za kibalozi, kinafaa kusimamiwa na ofisi ya utawala. Hakina uzito wa kumbandika mtu jina la mhalifu maisha yake yote.

Na sisi tuna mfano wa ndani wa jambo hilo hilo. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Usiku mmoja tu, mkulima wa Kayanza ambaye dada yake ameolewa ng'ambo ya Akanyaru, na ambaye juzi alikwenda msibani kwa karangamuntu, yaani kitambulisho chake cha taifa, akawa hana njia halali ya kwenda. Misiba haikusubiri mpaka ufunguliwe. Aliyevuka akawa mkosaji, bila yeye kufanya jambo jipya hata moja.

Ila mpaka ule haukufungwa kwa mchezo, na hapa ndipo hoja nzito ya upande wa pili ilipo. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2023 watu wenye silaha walishambulia Vugizo, karibu na Gatumba, wakaua watu 20, wanawake na watoto wakiwemo. Kundi la waasi wa Burundi la RED-Tabara lilisema ndilo lililoshambulia, na serikali ikaituhumu Rwanda kuliunga mkono, jambo ambalo Rwanda ilikanusha. Eneo hilo hilo la Gatumba lina kidonda cha zamani: tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini usiku, na waasi wa Burundi wa FNL wakajitwalia shambulio lile. Mkazi wa Gatumba akikuambia kwamba anaogopa kinachovuka mto gizani, usimjibu kwa nadharia za haki za binadamu. Ana makaburi ya kukuonyesha.

Namheshimu mkazi huyo, na ndiyo maana namwomba atazame kile kilichomdhuru. Walioua walikuwa na bunduki. Kubeba silaha, kuunda kundi la wapiganaji, kuua, hayo ni makosa ya jinai kila mahali, na adhabu zake ni kubwa kuliko miezi ya kuingia bila viza. Hakuna mpiganaji aliyewahi kuahirisha shambulio kwa kuogopa shtaka la uhamiaji. Anayeliogopa ni mama wa mawese. Zaidi ya hayo, wanaomwona mpiganaji wa kwanza akishuka kutoka milimani ni wavuvi, wachungaji na wachuuzi wa njia za panya. Wao ndio macho ya bonde la Rusizi. Kama wao wenyewe ni wahalifu mbele ya sheria, hawatakwenda kituoni kusema walichokiona saa nane ya usiku, kwa sababu swali la kwanza litakuwa: na wewe ulikuwa unafanya nini pale? Usalama nao unategemea kujua, na tumekwisha kuwanyamazisha wanaojua.

Mataifa makubwa yamejaribu dawa hii kwa muda mrefu zaidi. Marekani ilifanya kuingia kwa siri kuwa kosa la jinai mwaka 1929; leo adhabu ni hadi miezi sita jela kwa mara ya kwanza, na zaidi kwa anayerudi baada ya kufukuzwa. Karibu karne nzima baadaye mamilioni wanaishi humo bila karatasi, na wengi miongoni mwao hawakuruka ukuta wowote. Waliingia kwa viza wakapitisha muda, jambo ambalo kwa sheria yao si jinai. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilipoamua kumshtaki kila aliyevuka kutoka Mexico, wazazi walipelekwa rumande na maelfu ya watoto wakatenganishwa nao. Italia iliweka faini ya maelfu ya yuro mwaka 2009, kwa watu wasio na maelfu ya yuro. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliiambia Italia kwamba haiwezi kumfunga mgeni kwa sababu tu amekaidi amri ya kuondoka, kwani kifungo kinachelewesha kule kurudishwa kunakodaiwa kutakiwa. Ufaransa, baada ya hukumu za namna hiyo, ilifuta kosa la kuishi bila kibali mwishoni mwa mwaka 2012. Uingereza ilikwenda upande mwingine: mwaka 2022 ilipandisha adhabu hadi miaka minne, na boti ziliendelea kuvuka. Karibu na sisi, sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaruhusu faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa aliyemo nchini kinyume cha sheria. Hata itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya wasafirishaji wa wahamiaji inasema anayesafirishwa asishtakiwe chini yake kwa sababu ya kusafirishwa. Mlengwa ni anayechukua pesa na kumfungia mtu kontenani.

Hadi hapa ingeonekana kazi ni rahisi: futa neno jinai, mambo yatanyooka. Historia yetu hairuhusu urahisi huo, na wapinzani wa jela, mimi nikiwa mmoja wao, tunapaswa kuitazama usoni.

Mwaka 2013 Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Rais Kikwete alikuwa ametoa muda kwa walioko nchini bila kibali waondoke, kisha vyombo vya dola vikaingia vijijini. Makumi ya maelfu walirudishwa Burundi, Rwanda na Uganda. Wengi wa waliofika Burundi walikuwa wameishi kule miaka mingi, wameoa na kuolewa, wamelima, wamezaa. Walifika na walichoweza kubeba. Ng'ombe na mahindi yalibaki shambani. Kwa sehemu kubwa hawakuhukumiwa kwa kosa lolote. Hawakufungwa. Walisombwa tu. Lilikuwa jambo la kiutawala, na ndiyo maana hapakuwa na hakimu wa kumsikiliza bibi aliyesema, mimi nimezaliwa hapa Kasulu.

Miaka minane kabla yake Burundi yenyewe ilifanya jambo linalofanana. Mwaka 2005 maelfu ya Wanyarwanda walikuwa wamevuka kuja kwetu, wengi wakisema wanaogopa gacaca, mahakama za vijijini zilizohukumu kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Juni mwaka huo serikali za Bujumbura na Kigali zilikubaliana kwamba watu hao wachukuliwe kuwa wahamiaji wasio halali, na ndani ya siku chache maelfu waliokuwa Songore, mkoani Ngozi, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lililaani kitendo kile. Madai yao ya kuomba hifadhi hayakuchunguzwa mmoja mmoja. Hapa pia hakuna aliyepelekwa jela. Pengine ni watu wenye hatia waliokuwa wakikimbia haki, pengine ni wenye hofu ya kweli, pengine mchanganyiko; hatutajua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hii ndiyo hatari ya kulitoa jambo mahakamani na kuliacha bila mlinzi. Mshtakiwa wa jinai ana angalau haki ya kusikilizwa, ya kukata rufaa, ya kuambiwa anatuhumiwa nini. Anayefukuzwa kwa amri ya ofisi anaweza kukosa vyote hivyo, na kufukuzwa kunaweza kumuumiza kuliko kifungo. Basi kufuta jinai bila kuweka usikilizwaji mahali pake ni kumtoa mtu gerezani na kumtupia kwenye lori.

Na wapo walionaswa kwenye wavu huu bila kuvuka chochote. Bujumbura wanaishi watu wenye asili ya Oman, karibu 1,000, ambao kwa miaka mingi wamehesabiwa miongoni mwa walio katika hatari ya kukosa utaifa. Wengi wamezaliwa hapa, wanasema Kirundi na Kiswahili, wamezika wazazi wao hapa. Oman haijawapa wote uthibitisho wa uraia, na Burundi haikuwafanya raia. Sheria ikisema kuwemo nchini bila kibali ni jinai, mzee wa namna hii anatenda kosa kwa kuamka asubuhi nyumbani kwake. Nchi gani nyingine imwite wake, na kumrudisha ni kumrudisha wapi?

Kwa upande wa pili tunazo kumbukumbu njema za nini hutokea dola inapochagua kujua. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 waliingia Tanzania bila viza, wakapewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalisha mikoa hiyo. Miaka arobaini baadaye takriban 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia. Mei 2015, watu walipokimbia machafuko yaliyofuata muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza wa Burundi, makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa, upande wa Tanzania. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu wapatao 30. MV Liemba, meli ya tangu enzi ya Mjerumani, haikuweza kutia nanga ufukweni. Wagonjwa, wajawazito na vikongwe walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwa meli, wakapandishwa, wakapelekwa Kigoma. Tanzania iliwatambua kwa mkupuo, bila kumhoji kila mmoja, hadi Januari 2017 ilipoufuta utaratibu huo. Ugonjwa ulizuiliwa kwa sababu watu walikuwa mahali panapojulikana. Kama wangetishwa kwa jela, wangetawanyika milimani na kipindupindu chao.

Ni nadra kuikuta familia Bujumbura isiyo na mtu aliyekimbia nchi mwaka 1972, 1993 au 2015. Bungeni, serikalini na jeshini wamo waliolelewa Tanzania, Rwanda na Congo na wazazi waliovuka usiku. Sisi ndio wa mwisho tunaoweza kusema kwamba aliyevuka ni mhalifu kwa kuvuka kwake.

Nchi jirani zinazokubaliana kuwa na soko moja zinaweza kukubaliana na hili pia: kuingia bila kibali liwe kosa la kiutawala katika Jumuiya nzima. Aliyevuka apewe muda wa kujitokeza na kuandikishwa, bila pingu. Mchuuzi wa mpakani atozwe faini anayoweza kuilipa kwa mauzo ya siku moja, kwa risiti, na apewe lesepase papo hapo. Anayesema amekimbia apelekwe ONPRA, asipitie kituo cha polisi. Aliyezaliwa hapa aanze safari ya uraia. Jela ibaki kwa mwenye silaha, kwa anayesafirisha watu kwa kuhatarisha roho zao, na kwa ofisa anayeuza muhuri.

Watabaki wengine. Atakuwepo mtu asiyekimbia hatari, asiye na kazi inayohitajika, asiye na jamaa, ambaye amesikilizwa na mwenye mamlaka asiye polisi, akakata rufaa, akashindwa. Sina hoja ya kumzuia asiondolewe. Nchi ina haki ya kusema hapana. Huyo arudishwe, kwa amri iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, mchana, akiwa na vitu vyake, na nauli ya kumrudisha itoke kwenye fedha ambazo leo zingemlisha gerezani.